Maalim Aliyetaja Bei

Maalim hakubishania bei. Sokoni Ngamiani wauza samaki walimjua: mwenye haya alimtajia bei ya haki tangu mwanzo, asiye na haya alimtajia bei ya watalii, na wote wawili walilipwa walichotaja. Mkewe alimgombeza kwa hilo maisha yao yote. "Watu hutaja mbili ili uwape moja," alimwambia mbele yetu wanafunzi, "wewe unawapa mbili na shukrani juu yake." Maalim alijibu kwamba mtu mzima akishataja bei ametoa neno lake, na yeye hawezi kumwambia mtu mzima kuwa neno lake si la kweli.

Kwa hiyo huwa nashangaa nikisikia anavyokumbukwa barabarani kwetu. Siku hizi amehamia Kigombe kwa dada yake, nyumba yake ina wapangaji, na watoto wa sasa hawajui hata kwamba ile baraza ilikuwa chuo cha Kurani. Wakubwa wakimtaja humtaja kama yule mzee aliyekuwa fundi wa kugombea vyumba vya hoteli za Dar es Salaam kwenye simu. Wengine husema kwa kumsifu, wengine kwa kicheko. Mie nilikuwa naye wakati ule, maana kibanda changu cha kuweka na kutoa pesa kinatazamana na baraza yake, na mtandao wa vyumba hivyo nilimfungulia mimi.

Lakini kabla ya simu alikuwa mwalimu wetu.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti iliyomzidi umbo. Darasani hakutazama kitabu wala hakututazama sisi. Alikaa ameelekea ukutani, akisokota uzi wa kofia aliyokuwa akiidarizi, na sisi tulisoma watu thelathini kwa pamoja kama soko. Ukikosea irabu moja alikusikia. Hakugeuka, alitaja jina lako tu na neno ulilokosea, kisha akaendelea na sindano yake. Niliwahi kumsikia akimsahihisha mtu aliyekuwa anapita njiani kwa baiskeli, anaimba kaswida peke yake. Yule mtu alishuka, akairudia mpaka ikanyooka, akapanda tena na safari yake.

Fimbo alikuwa nayo, ila aliogopa kuitumia kwa wasichana, na wavulana walipogundua hilo walilalamika kwamba si haki. Alikubali si haki. Akaiweka darini kwa kila mtu.

Mpira aliuita upotezaji wa umri. Siku ya mechi kubwa tulimaliza kusoma mapema bila kuelezwa sababu. Mkewe ndiye aliyetuambia kwamba Maalim hulala na redio chini ya mto, na timu yake ikifungwa hasemi na mtu mpaka kesho yake. Mkewe tulimwita Bi Maalim. Alisuka ukili wa mikeka akiwa mlangoni, na Ramadhani alipika mkate wa kumimina wa kuuza, na alikuwa na kicheko kilichosikika mpaka barabara ya nyuma. Hawakujaliwa watoto. Sisi ndio tuliokuwa tukiingia na kutoka mle ndani.

Jambo moja zaidi la kumjua: hakukaa kwa watu. Akialikwa karamu alikula haraka, akaaga. Akienda kuzika Pongwe au Muheza alirudi siku ileile, hata iwe kwa lori la machungwa. "Njaa naiweza," alituambia siku moja tulipomuuliza. "Ugeni siuwezi. Mtu akikutandikia kitanda chake, yeye analala wapi?"

Nilifikiri ni maneno ya kupita.

Bi Maalim alianza kutoka damu miaka mingi baada ya damu kukoma. Hakumwambia mtu. Maalim aligundua kwa sababu mkewe alikuwa akifua nguo alfajiri, mtu ambaye siku zote alifua adhuhuri akipiga soga na jirani. Akamuuliza mara moja, mkewe akakataa. Akamuuliza mara ya pili, akalia. Hospitali ya mkoa walimchukua kipimo, majibu yakaja baada ya majuma, na waliandikiwa waende Dar kwa mionzi.

Mionzi ni kila siku ya kazi, kwa majuma, na kulazwa ni kwa wale wasioweza kusimama. Bi Maalim aliweza kusimama, basi akaambiwa awe anatokea nyumbani. Nyumbani kwake ni Tanga.

Walifikia Mbagala kwa mpwa wa Bi Maalim, kijana mwema mwenye mke mwema na vyumba viwili. Asubuhi walitoka gizani kuwahi foleni, jioni walirudi gizani, na Bi Maalim alitapika njiani ndani ya mfuko alioukunja vizuri mkononi ili abiria wasione. Hakuna aliyewasema. Ila watoto wa mle ndani walikuwa wamehamishiwa sebuleni, na siku moja mdogo wao, akiwa amekaa miguuni kwa Maalim akichezea tasbihi, alimuuliza, "Babu, mtaondoka lini?" Aliuliza kama anavyouliza mtoto, hana ubaya. Kesho yake Maalim alimwambia mpwa wao kwamba wamepata mahali karibu na hospitali.

Hawakuwa wamepata. Alinisimulia mwenyewe jinsi alivyozunguka na mkewe na mkoba wao. Nyumba za wageni zilizokuwa karibu zilijaa wagonjwa na wauguzaji wao. Penye nafasi, bei ilikuwa ya watu wengine. Mahali pamoja msichana wa mapokezi alimtazama Maalim na kanzu yake, akamtazama Bi Maalim na baibui lake, akauliza, "Mnataka saa ngapi?" Maalim akadhani anaulizwa muda wa kuingia. Akajibu, "Tangu sasa mpaka Mungu atakapotuafu." Bi Maalim, ambaye alikuwa ameelewa kwamba wanakodisha kwa saa, alicheka mpaka akashika ukuta. Walilala usiku ule kwenye viti vya hospitali.

Palepale kwenye baraza ya hospitali mama mmoja wa Lushoto, Mlutheri, aliyekuwa anamuuguza dada yake, ndiye aliyewaambia kuhusu mtandao ule. Hoteli za mjini zina vyumba ambavyo havikupata watu. Badala ya kuviacha vitupu huviweka kwenye mtandao, lakini kwa kujificha, wateja wao wa kawaida wasijue kwamba zimeshusha bei. Wewe unachagua mtaa na idadi ya nyota, unaandika bei unayoiweza. Hoteli ikikubali, pesa inakatwa papo hapo na hairudi hata ukifa. Jina la hoteli unaonyeshwa baada ya kulipa. Ikikataa, mtaa ule huwezi kuujaribu tena siku ile.

Madaktari wenyewe walipoyapumzisha matibabu kidogo walirudi Tanga, na asubuhi ya kwanza tu Maalim akavuka barabara kuja kwangu.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Nasikia kuna kitu kwenye simu, mtu anataja bei ya chumba."

Nilikifungua, nikamsomea masharti yote. Alisikiliza ameelekea ukutani kama darasani. Nilipomaliza aliuliza, "Yaani unalipa kabla hujajua unanunua nini?"

"Ndiyo, Maalim."

"Niliwafundisha nini mlango wa biashara?"

Nilikuwa mama wa watu wazima, lakini nilijibu kama mtoto. "Kwamba kitu kisichojulikana hakinunuliwi. Samaki angali baharini hauzwi, ndege angali hewani hauzwi."

"Na chumba kisicho na jina?"

Nilitaka kumwambia habari ya dharura, kwamba huruhusu kilichokatazwa, nikafungua mdomo, naye akainua mkono. "Dharura naijua. Usinifundishe." Mteja akaja, nikamhudumia, akaondoka. Maalim bado yupo, kofia mkononi, na ndiyo mara ya kwanza niliona kichwa chake kilivyokuwa cheupe.

"Haya," alisema. "Andika."

Tangu hapo maneno yake ya simu yalikuwa na adabu yake. Hakukubali kuita lile jambo dau, kwa sababu dau ni neno la vijana wa mikeka ya kamari. Alisema "kutaja". Tutaje. Tumeshataja? Akisubiri jibu aligeuza mgongo, akafumba macho, akisoma kimoyomoyo. Simu ikilia hakuitazama.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa, Maalim."

"Wamekataa pesa, au wamekataa mimi?"

"Mashine hiyo, Maalim. Haikujui."

"Basi imenikataa bila kunijua," alisema, na hakuwa anatania. Kila kukataliwa kulimkaa mwilini. Mtu ambaye hakuwahi kumwambia muuza samaki kwamba bei yake ni kubwa, sasa aliambiwa kila siku kwamba yake ni ndogo.

Chumba cha kwanza tulichopata kilikuwa Kariakoo, ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa mbovu. Maalim alimbeba mkewe mgongoni. Vijana wa mapokezi walitaka kumsaidia, akakataa. Bi Maalim alinipigia simu akiwa juu, anahema kana kwamba yeye ndiye aliyebeba. "Yakhe, leo nimepanda punda! Tangu aniowe hajanibeba huyu, hata siku ya harusi nilitembea kwa miguu yangu." Nyuma yake nilimsikia Maalim akisema, "Mwambie umekuwa mwepesi." Kicheko kikakatika.

Wakiwa Dar, kazi ilikuwa kwa simu. Malipo yalipitia kwangu, na Maalim alikuwa ameacha akiba yake kwenye laini yangu. Kadiri siku zilivyokwenda alijifunza tabia ya mtandao ule kama alivyojua tabia ya kila mwanafunzi. Alijua mitaa yenye huruma na isiyo na huruma. Alijua kwamba chumba kisichopata mtu mpaka alasiri hushuka, na kikifika jioni hushuka zaidi. Na hapo ndipo palipokuwa na mtego, kwa sababu asubuhi walitakiwa kutoka walipolala, wakaenda kwenye mionzi, wakatoka, na mgonjwa aliyetoka kwenye mionzi anataka kujilaza. Bi Maalim alitaka kujilaza saa saba. Chumba kilikuwa rahisi saa kumi na moja. Zile saa katikati walikaa barazani na mkoba wao, Bi Maalim ameegemea ukuta, Maalim amesimama ili amkinge jua.

"Tutaje sasa?" nilimwuliza kila nikipigiwa.

"Bado. Ngoja kidogo."

"Bi Maalim anaendeleaje?"

"Amelala." Nami nikisikia sauti yake palepale, "Sikulala, mwambie ataje!"

Siku moja, mwisho wa juma, tulipata hoteli kubwa ya ufukweni. Sijui ilikuwaje, labda kulikuwa na mkutano uliovunjika. Maalim alinipigia akinong'ona, kama mtu aliyeingia mahali kwa makosa. Kitanda kilikuwa laini mno, alilala chini kwenye zulia. Lakini bafuni kulikuwa na beseni la kuogea refu kama mtu, na maji ya moto. Alilijaza, akamsaidia mkewe kuingia, na Bi Maalim alikaa mle mpaka maji yakapoa, mumewe akalijaza tena. Usiku ule hakulalama. Alilala kuanzia isha mpaka jua limetoka, na Maalim aliamka mara kwa mara kumsikiliza kama anapumua.

Natamani wasingepata ile hoteli. Tangu siku ile aliitafuta tena. Hakuwa anataka anasa, mtu aliyelala kwenye zulia. Alitaka ule usingizi wa mkewe. Aliacha mitaa iliyozoea kutukubali, akawa anataja mtaa ule wa ufukweni tu, na bei akaipandisha. Tulipata hoteli nyingine, zote si yenyewe. Moja mabafu yake yalikuwa na bomba la mvua peke yake. Nyingine palikuwa na muziki mpaka alfajiri. Alituagiza tumwuzie baiskeli yake, iliyokuwa imefungwa kitambaa kwenye kiti tangu sijazaliwa. Aliuza cherehani ya kofia. Imamu wa msikiti wetu alimpigia simu, akamwambia waziwazi kwamba waumini wanataka kuchanga. Maalim akashukuru, akasema wachangie wenye shida.

"Kwani wewe una nini?" imamu akamuuliza.

"Mie nina mgonjwa," alijibu. "Shida ni jambo lingine."

Nilimwambia mimi pia. Nilimwambia kwa simu, kwa hasira, kwamba mama wa Lushoto amepata nafasi kwenye hosteli ya masista, na kuna vitanda, na hawaulizi dini. Bi Maalim alikuwa radhi. Maalim alisema hosteli ile wanaume hawalali, na yeye hawezi kumwacha mkewe na mtu mwingine amnyanyue usiku. Nikamwambia masista wamezoea kunyanyua. Akasema, "Mie sijazoea wao wanyanyue."

Ikaja siku ya mvua. Mjini kulikuwa na wageni wengi wa shughuli fulani, na hoteli zote zilikuwa na watu. Tulitaja saa nane, wakakataa. Tulitaja mtaa wa pili, wakakataa. Mvua iliingia mpaka barazani, wauguzaji wakawafunika wagonjwa wao kwa khanga na mifuko ya nailoni. Nikasikia kwenye simu Bi Maalim akitetemeka, meno yanagongana. Mtaa wa tatu, wakakataa. Wa nne pia.

"Imebaki ipi?"

"Imebaki pembeni ya mji, Maalim. Kaskazini kabisa. Ni mbali."

"Andika pesa yote."

"Yote?"

"Andika yote, mwanangu! Ana baridi!"

Sikuwahi kumsikia akipiga kelele kabla ya hapo. Niliandika yote. Wakakubali. Pesa ikakatwa, jina likatokea, nami nikamsomea, na hakuna aliyefurahi, kwa sababu haikubaki hata ya teksi. Walipanda basi, wakabadilisha, wakapanda jingine, wamelowa. Bi Maalim alizirai kituoni. Watu wa kituoni walimbeba mpaka hotelini, na kesho yake hakuweza kusimama, wala kesho kutwa, nikawalipia mimi wabaki palepale. Zikapita siku za mionzi bila mionzi. Waliporudi hospitalini, daktari, ambaye siku zote aliwasemesha kwa upole, alimfokea Maalim mbele ya foleni. Alimwambia dawa hii haikatizwi. Alimwuliza kama anaelewa maana ya kukatiza. Maalim alisema anaelewa.

Ijumaa ile alikuwa Tanga. Alisafiri peke yake, Bi Maalim amelazwa kwa sababu sasa kweli hakuweza kusimama. Baada ya sala, watu wakiwa wanataka kuinuka, alisimama katikati ya safu. Mume wangu alikuwepo. Anasema sauti ile iliyozoea kutusahihisha ilitoka ndogo, watu wa nyuma wakaulizana anasema nini.

"Mlisema mtachanga," alisema. "Nilikataa. Nimekuja kuomba."

Akabaki amesimama na kofia mkononi, na hakujua afanye nini na ile kofia, mpaka mtu mmoja akaichukua, akatia kitu, akampa jirani yake.

Kwa mchango ule Bi Maalim alimaliza mionzi, wakalala nyumba moja ya wageni karibu na hospitali kama watu, bila kutaja chochote kwa mtu. Alirudi Tanga amekonda, ngozi imeiva kwa mionzi, lakini anacheka kidogo. Tulifikiri imekwisha. Baadhi yetu tulipika pilau. Watu wenye wagonjwa wao wakaanza kuja barazani kwa Maalim kutoka Pongwe, kutoka Muheza, kumwomba awatajie vyumba. Aliwatajia. Alikuwa mkali kwao. "Usingoje jioni," aliwaambia. "Ukipata saa sita, chukua. Usitafute kizuri." Wao wakaona ni maarifa tu ya mtu mzoefu.

Damu ilirudi msimu wa vuli. Wakaandikiwa warudi Dar Jumatatu waonane na madaktari. Mchango ulikuwa umekwisha na hakutaka kuomba tena. Akaja kibandani mapema, siku kadhaa kabla, tukataja bei kwa chumba karibu kabisa na hospitali, kitanda kimoja kikubwa, wakakubali mara ya kwanza. Maalim aligeuka, akanitazama machoni, akatabasamu. Sikumbuki kama aliwahi kunitabasamia nikiwa mwanafunzi.

Bi Maalim alifariki Alhamisi asubuhi, mumewe akimnywesha uji. Tukamzika alasiri. Maalim hakulia mbele za watu. Alipokea mikono, akawajibu wote kwa majina, na kijana mmoja aliyekosea neno katika dua alimsahihisha palepale, polepole, bila kugeuka.

Jumapili, baada ya hitima, alivuka barabara akaja kwangu.

"Kile chumba," alisema.

"Kiache, Maalim. Ndivyo masharti yao, pesa hairudi."

"Pesa siulizi. Chumba kipo?"

"Kipo. Kesho."

"Basi apewe mtu. Barazani kule watu wanakaa."

Nikapiga simu hotelini. Wakasema mwenye jina aje mwenyewe na kitambulisho chake, vinginevyo hakifunguliwi. Nilipomweleza nilidhani yameishia hapo. Alisema, "Uthibitisho uko kwenye simu yako. Tutaondoka na basi la kwanza." Mume wangu alinitazama, akaniambia niende.

Ndiyo mara ya mwisho kukaa naye kitako, safari ile. Njia nzima alisoma kimya. Tulifika hospitali mchana, na mie ambaye nilikuwa nimeisikia ile baraza kwa simu miezi yote ile, sikuwa nimeiona. Ilikuwa ndefu. Watu walikaa kwenye mikeka, kwenye maboksi yaliyokunjuliwa, kwenye sakafu. Wengine walimtambua Maalim.

"Babu! Mama yuko wapi?"

"Ametangulia," alisema. Wakampa pole, wakasogea ili akae. Hakukaa. "Nina chumba cha usiku mmoja," aliwaambia. "Kimeshalipwa. Kinatosha watu wawili. Nani hana pa kulala?"

Swali lenyewe lilikuwa la ajabu. Hakuna aliyekuwa na pa kulala. Mwanamume mmoja alianza kuinuka, akatazama pembeni, akakaa tena. Maalim alitazama upande huu, akatazama ule. Akanigeukia. "Mwanangu, mimi siwezi kuchagua," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamwambia nani hapana?"

Aliyechagua alikuwa mgonjwa mmoja, pande la mtu, amefungwa bandeji shingoni, hawezi kusema. Aliinua mkono akaonyesha kwenye kona. Aliyekuwa pembeni yake akaitikia, "Ndiyo, mpe yule." Na mwingine, "Yule, babu. Yule tangu juzi hajalala." Wakaonyesha wote, mikono mingi, kona moja.

Alikuwa binti wa makamo ya watoto wangu, amelala kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, mama mwenyewe mzee kuliko mimi. Walitoka Kilindi. Yule mama alipoelezwa hakuamini. Aliuliza mara mbili inatakiwa nini. Tulimwambia haitakiwi kitu, akaanza kukusanya vitu vyao upesiupesi, kama anaogopa tutabadili nia.

Hotelini msichana wa mapokezi alichukua kitambulisho cha Maalim, akatafuta, akapata.

"Watu wawili, usiku mmoja. Ni wewe na nani, mzee?"

"Ni hawa," alisema Maalim. "Hawa ni watu wangu."

Msichana aliwatazama wale wawili na mfuko wao wa sandarusi, akamtazama Maalim. "Kitanda ni kimoja," alisema.

"Najua ni kimoja."

"Tutatosha, baba," alisema yule mama haraka. "Tutatosha kabisa." Alimshika Maalim mkono kwa mikono yake miwili, na Maalim, ambaye hakuwahi kumpa mkono mwanamke asiye wake, aliuacha hapohapo mpaka alipouachia mwenyewe. Lifti ikafunguka, wakaingia, binti ameegemea ukuta, ikajifunga.

Tukatoka nje. Palikuwa na ukuta mfupi mbele ya ile hoteli, Maalim akakaa, nami nikakaa. Magari yalipita. Akavua kofia akaiweka gotini, na hapo ndipo alipolia, mdomo wazi, bila kujifunika, kama mtu aliyepigwa. Wapita njia walitazama. Sikumgusa wala sikumwambia anyamaze. Alilia mpaka akamaliza, akajifuta kwa ncha ya kanzu.

"Yule binti amebakiza majuma mangapi?" aliuliza.

"Matatu. Nimemwuliza mama yake."

"Na kesho watalala wapi?"

"Kesho Mungu anajua, Maalim."

"Mungu anajua," alisema, akanisogezea simu yangu pale ukutani. "Sisi tunaanza na mtaa gani?"